Dang'a la Mbuzi Namba Kumi na Nne

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya mahafali. Barua ya kuitwa ilisema "mhudumu wa wanyama, maabara", nami nilisoma neno la mwisho tu. Nilijiona tayari nimevaa koti jeupe, nimeinamia hadubini, natikisa kichwa kama mtu aliyegundua jambo. Bwana Mifugo Mkuu wa kituo, mtu mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe hata akiwa ofisini, alinikagua kuanzia chini kwenda juu. Akakawia sana kwenye viatu.

"Umekuja harusini?"

"Hapana, mkuu. Nimeripoti kazini. Shikamoo."

"Marahaba. Unamwona yule beberu pale?"

"Namwona."

"Mshike."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa semina elekezi. Kwetu, juu huko kwenye miteremko ya Uluguru, tulilima kabichi, karoti na maharage. Mbuzi tulimwona sikukuu, tena akiwa amekwisha kuingia sufuriani. Sikujua kuwa beberu hashikwi kwa mbele. Viatu vile sikuvivaa tena, na harufu ya yule beberu ilinifuata hadi misa ya Jumapili, ambako benchi zima nililiketi peke yangu.

Naandika haya kwa ajili ya nyie vijana mnaoingia kazi hii sasa na vishikwambi vyenu. Nimetumikia miaka zaidi ya thelathini na kuhamishwa mara tatu: banda la mbuzi, chumba cha upasuaji, maabara ya damu, kisha banda la mbuzi tena. Msishangae sana. Vituo vyote vilikuwa ndani ya uzio mmoja, na kutoka kila kimoja niliweza kupanda baiskeli saa sita na nusu, nikafika nyumbani Bigwa, nikala ugali, nikajinyoosha robo saa na kurudi. Siku moja Afisa Utumishi alinipa nafasi ya kwenda ng'ambo kwa mafunzo ya miezi sita. Nikamwambia masikio yangu hayawezi ndege. Mke wangu, Mama Tekla, alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. "Masikio gani? Sema tumbo. Huko nani atakupikia?"

Sikubishana naye. Na nyie mtaona mbele kuwa hilo tumbo lilikuja kumponza mtu mwingine kabisa.

Kwanza niwaambie kazi yenyewe ilivyokuwa. Katika banda la utafiti, kitu cha kwanza ni tarehe ya mimba. Hakuna kingine chenye maana kama hukujua mbuzi amepandwa lini. Tulichanganya udongo mwekundu wa mlimani na grisi, tukampaka beberu kifuani, tukamwachia majike. Asubuhi unapita na kitabu: mwenye doa jekundu mgongoni, unaandika namba ya hereni yake ya sikio na tarehe. Ni rahisi hivyo. Na bado nimemkuta kijana mwenye stashahada, kwenye safu ya tarehe ameandika "jana". Nikamuuliza, jana ya lini? Akasema, "Ya juzi, mzee." Huyo leo ni msimamizi wa watu.

Zama za Bwana Mifugo Mkuu kulikuwa na desturi moja ninayotaka muijue. Mbuzi akizaa, maziwa yake ya siku za kwanza ni mazito na ya njano, ndiyo dang'a. Mtoto akishashiba, linalobaki ni la aliye zamu. Hatukuiba. Bwana Mifugo mwenyewe alikuwa na kidumu chake. Mama Tekla ni mtu wa Gairo, na watu wa huko wanajua kulipika. Unaliweka motoni taratibu huku unakoroga mpaka ligande kama yai, unatia chumvi kidogo, unakula na chai. Mimi mtoto wa kabichi nililionja mwaka nilipooa, nikajiuliza wazazi wangu walikuwa wananificha nini maisha yote.

Bwana Mifugo akastaafu. Akaja Mkuu wa Kitengo, profesa, mama asiyepandisha sauti, na ndiyo maana tulimwogopa. Alinizidi cheo, mimi nikamzidi miaka miwili, kwa hiyo kila asubuhi aliniamkia shikamoo, hata siku alizokuwa amekuja kunigombeza. Huyu ndiye aliyeleta mradi wa kutia jeni kwa wanyama kabla hawajazaliwa.

Siku ya kutueleza alituita wote, hadi walinzi. Jeni, alisema, ni maelekezo yaliyomo mwilini ya kutengeneza kitu fulani. Wapo watu wanaozaliwa na jeni mbovu ya protini inayogandisha damu. Wakijikata kidogo, damu haikomi. Unaweza kumpa mtu mzima jeni nzuri ikiwa imepakizwa ndani ya kirusi kilichoondolewa madhara, lakini mwili wake ukianza kutengeneza ile protini, mfumo wake wa kinga unaweza kusema huyu ni nani, simjui, ukaishambulia. Hutengeneza kingamwili, yaani chembe za ulinzi zinazoinasa ile protini na kuiondoa. Kazi yote inapotea.

"Sasa," akasema, "tukimpa akiwa bado kijusi tumboni, mapema, kabla kinga yake haijajifunza kutofautisha chake na cha mgeni?"

Mlinzi mmoja akasema, "Hatajua kama ni mgeni."

"Atakua akijua ni chake. Hiyo ndiyo tunaita ustahimilivu wa kinga."

Mimi nililielewa kinyumbani. Shangazi wa mke wangu aliishi kwetu miaka saba. Watoto wangu waliozaliwa wakamkuta hawakuuliza hata siku moja ataondoka lini. Mimi niliyeletewa baada ya harusi ndiye nilikuwa nahesabu siku. Nilimweleza Mkuu wa Kitengo mfano huo. Akasema ni sahihi kabisa, na akaniomba nisiurudie mbele ya wageni.

Mwenye mradi hasa alikuwa daktari kijana wa mifugo, Rehema, akisomea shahada ya juu kabisa. Naye alitoka Gairo. Binti yake mdogo alimwacha huko kwa mama yake, kwa ahadi kwamba kazi ikiisha mwisho wa mwaka atakwenda kumchukua. Aliniita Baba tangu siku ya kwanza, na kwa sababu ya Mama Tekla aliniona kama shemeji wa kijiji kizima. Kazi alikuwa haifanyii mzaha. Tarehe zangu za udongo mwekundu alizihakiki moja moja, maana sindano ilipaswa kuingia kabla mimba haijamaliza miezi miwili. Ukichelewa, kinga ya kijusi imekwisha kuamka na umeharibu.

Siku za sindano mbuzi anashindishwa njaa, ananyolewa tumbo, analazwa chali. Mimi nilishika miguu. Mkuu wa Kitengo alipitisha kifaa cha ultrasaundi tumboni, na kwenye kioo unamwona kijusi, mdogo kama kidole, moyo unapwitapwita. Rehema ndiye alipitisha sindano. Majike mengine yalipewa jeni, mengine maji ya chumvi tu ili tupate wa kulinganisha nao. Alikuwa akimaliza kila mmoja anashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo.

Pembeni, kwenye banda la peke yake, tulikuwa na namba kumi na nne. Huyu hakuwa kwenye hesabu ya mimba. Yeye alichomwa ile protini ya binadamu mara kwa mara akiwa mkubwa, makusudi, ili mwili wake uikatae na damu yake ijae kingamwili. Damu hiyo ilikuwa kielelezo cha maabara: ukitaka kujua kukataa kunafananaje, tazama kumi na nne. Hakupaswa kupata mimba. Aliipata kwa sababu kuna mtu hakufunga komeo la beberu, na mtu huyo ameshawaambia kuwa alikuwa na tabia ya kuwahi chakula cha mchana.

Ukutani Rehema alibandika karatasi: kila mwanambuzi anyonye dang'a la mama yake tu. Sababu aliiandika chini yake kwa maandishi makubwa. Mbuzi hapitishi kingamwili kwa mwanawe akiwa tumboni. Humpa zote kwa dang'a, katika siku ya kwanza. Mama akikosa maziwa, kwenye friza kulikuwa na chupa za dang'a la mbuzi safi, nje ya mradi. Unajaza fomu, unaliyeyusha taratibu kwenye maji ya uvuguvugu, unasubiri karibu saa nzima. Ile karatasi niliibandika mimi mwenyewe. Nilishika hata ngazi.

Sasa msimu wa kuzaa ukafika, na mvua. Namba kumi na nne alitangulia, mwanawe akatoka amekufa, kiwele kimejaa mpaka anatembea amepanua miguu. Kesho yake asubuhi nikamkamua. Dang'a zito, la njano, nikajaza kidumu changu cha nyumbani. Desturi ya zamani ilikuwa imekwisha kufutwa na Mkuu wa Kitengo, lakini nilijiambia kuwa kumi na nne hayumo kwenye mradi. Naye hana mtoto. Limwagwe?

Rehema hakuwepo. Alipigiwa simu binti yake ana homa, akapanda basi alfajiri kwenda Gairo. Aliniachia banda kwa maneno machache. "Baba, namba sita na namba tisa ndio wanakaribia. Nakuamini."

Saa tano wakazaa wote wawili, sita pacha na tisa mmoja. Wanambuzi watatu, wote wa jeni, wamelowa, ukungu umeshuka kutoka mlimani hadi mlangoni, wanatetemeka. Na mama zao, uzao wa kwanza, ukiminya titi unapata tone na teke. Nimewahi kuwaambia watu kwamba niliwahurumia. Ni kweli niliwahurumia. Ila pia ilikuwa inakaribia saa sita na nusu, Mama Tekla alikuwa na kisamvu cha nazi, friza ilikuwa jengo la pili, na fomu ilikuwa na kurasa mbili. Kidumu kilikuwa pale, bado kina joto.

Nikasema moyoni, dang'a ni dang'a. Kingamwili ziko kwenye damu, haya ni maziwa. Mtu aliyefanya kazi maabara ya damu miaka sita, aliyeshika ngazi ya ile karatasi, ndiye alisema hivyo. Wakanyonya chupa moja moja, wakasimama, wakapiga chafya. Nikafungua kitabu cha zamu nikaandika mbele ya kila mmoja: "Amenyonya kwa mama yake." Mwandiko mzuri kabisa. Jioni Mama Tekla akapika kilichobaki, na jirani aliyepita kusalimia akaonja.

Rehema alirudi baada ya siku mbili, homa ya mtoto imeshuka. Aliwashika wanambuzi mmoja mmoja, akanusa vichwa vyao.

"Baba, kila mmoja kwa mama yake?"

"Kama kitabu kinavyosema."

"Sita na tisa walikuwa na maziwa ya kutosha?"

"Kitabu si umekiona?"

Aliuliza mara mbili, na mara mbili nilimjibu kitabu.

Wiki iliyofuata tukatoa damu kwa wote. Kipimo kinafanyika kwenye kisahani chenye vishimo vidogo vingi. Unaweka majimaji ya damu, unaongeza dawa, na penye kingamwili kishimo kinageuka njano. Wanambuzi wa jeni waliokuwa hai walikuwa watano. Wawili, waliozaliwa siku nyingine kwa majike yenye maziwa, vishimo vyao vilikuwa vyeupe kama maji. Watatu wa sita na tisa vilikuwa njano iliyokolea. Na ile protini yenyewe, ambayo ilipaswa kuonekana kwenye damu yao, haikuonekana kabisa.

Rehema akarudia kipimo. Akarudia tena. Akapima mama zao, maana ingewezekana jike limepata kingamwili kutokana na sindano na kumpa mwanawe kwenye dang'a. Namba sita, safi. Namba tisa, safi. Akachukua kitabu cha zamu, akakisoma akiwa amesimama. Kama mama ni safi, na mtoto amenyonya kwa mama, basi hizo kingamwili amezitengeneza mtoto mwenyewe. Hakuna mlango mwingine. Mlango mwingine nilikuwa nimeufunga mimi kwa kalamu ya wino wa buluu.

Mkuu wa Kitengo akatukusanya. "Watatu kati ya watano wameikataa. Nadharia yetu haijashika. Ijumaa tutawachinja hao watatu tuangalie viungo vyao, halafu nitaandika kwamba mradi tumeufunga."

Rehema alikuwa anatazama meza. "Profesa, nipe muda nitafute sababu."

"Umepima mama zao?"

"Nimepima."

"Kitabu je?"

"Kiko sawa."

"Basi sababu ndiyo hiyo tunayoiona."

Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka kwake. Nilichofanya ni kukubali kwa kichwa, kama mzee mwenye busara. Nikitaka kujichukia hadi leo, ile ndiyo picha ninayoitumia.

Jumatano mchana nikaenda nyumbani na ugali ukanishinda. Mama Tekla akasogeza sahani yake pembeni.

"Wewe ukiacha ugali lazima kuna mtu amekufa. Nani?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halijatokea tena.

"Kwa hiyo lile nililopika ni la mbuzi wa sindano?"

"Protini tu. Haina madhara."

"Sikuulizi madhara. Nakuuliza yule binti wa watu anajua?"

"Hajui."

"Anafikiri ni kazi yake ndiyo mbovu?"

Nikafunika sahani ya ugali.

"Nenda ukaseme. Na usiseme ni mimi niliyetaka dang'a."

"Sijasema hivyo."

"Ulikuwa unajiandaa."

Alhamisi asubuhi nikagonga mlango wa Mkuu wa Kitengo. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili kustaafu. Nikahesabu njiani: barua ya kufukuzwa inaandikwa kwa dakika ngapi?

"Shikamoo, Mzee Deo. Kaa."

"Marahaba. Nitasimama. Profesa, wale watatu hawakunyonya kwa mama zao."

"Kitabu kinasema wamenyonya."

"Kitabu niliandika mimi."

Akaweka kalamu chini. "Walipewa nini?"

"Dang'a la kumi na nne."

"Kumi na nne wetu?"

"Tunaye mmoja tu."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kiasi gani?"

"Kila mmoja chupa moja."

"Na lililobaki?"

"Limeliwa."

"Na nani?"

"Mimi, Mama Tekla, na jirani mmoja."

Akaichukua tena kalamu. "Jirani anaendeleaje?"

"Alirudi kuuliza kama lipo jingine."

Sijui hadi leo kama alitaka kucheka au kunirushia kitu. Alinyanyua simu, akamwita Rehema. Nikarudia maneno yale yale mbele yake, na mara hii hayakuwa na mzaha wowote ndani yake. Nilitegemea alie au anitukane. Alivuta kiti akakaa.

"Baba, nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

"Nimepima mama zao mara nne. Nilianza kufikiri sindano niliichoma vibaya. Nilimpigia mama nikamwambia huenda mimi si mtu wa kazi hii." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma orodha. Kisha akamgeukia Mkuu wa Kitengo. "Kama kingamwili ni za kumi na nne, zitapungua zenyewe. Zao wenyewe zisingepungua. Naomba wasichinjwe."

"Hawatachinjwa."

"Na anayewatoa damu awe huyu. Kila wiki, hadi ziishe."

Nikapewa barua ya onyo kali, ninayo hadi leo kwenye droo pamoja na cheti cha ndoa. Na kila Jumatatu, kwa miezi, nikawatoa damu wale watatu, nikaandika saa, kiasi, mshipa wa upande gani, na tabia ya mnyama. Chakula cha mchana nililetewa kazini kwenye hotipoti, baridi. Wiki baada ya wiki njano ikapauka. Ikawa kama chai ya maziwa, kisha kama maji ya mchele, kisha hakuna. Na kingamwili za kuazimwa zilipokwisha, ile protini ikaanza kuonekana kwenye damu yao. Muda wote miili yao ilikuwa inaitengeneza, na dang'a langu lilikuwa linaizoa.

Kikaja kipimo kikubwa. Unawachoma wote ile protini yenyewe na kusubiri. Walioingiziwa maji ya chumvi tu tumboni waliikataa vilivyo, vishimo njano tupu. Watano wa jeni, wakiwemo wale watatu, hakuna. Vyeupe. Rehema alishika kisahani juu kuelekea dirishani, akakizungusha polepole, na kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi akaniita Baba.

"Umeona, Baba?"

"Nimeona."

"Sasa sikiliza kinachoniudhi. Wawili nawahesabu. Watatu siwezi."

Sikuelewa. Si wameshathibitisha?

"Sisi tunajua," akasema. "Lakini mtu yeyote atasema kingamwili za kuazimwa ndizo zilizozubaisha kinga yao, si jeni. Na atakuwa na haki ya kusema. Wawili hawatoshi. Lazima nianze msimu mwingine." Akaweka kisahani chini. "Mwaka mzima, Baba. Kupandisha, kuchoma, kuzaa, kusubiri. Nimemwambia mtoto mwisho wa mwaka."

Msimu wa pili nililala na kuamka kwenye lile banda, karibu. Chupa za friza niliziyeyusha kwa saa nzima nikitazama saa, fomu nikajaza hadi sehemu isiyohitajika. Kila mwanambuzi nilimshikia titi la mama yake kwa mkono wangu. Walizaliwa saba wa jeni na wote saba walitulia, hakuna hata kishimo kilichobadilika. Kazi ilipita. Rehema akaitwa daktari mara ya pili, wa karatasi safari hii.

Sasa nimestaafu. Nafuga kuku sita na mbuzi mmoja ambaye hachunguzwi na mtu. Vijana wa kituoni hunitembelea, na nawasikia wakizungumza kuhusu mashine mpya zinazosoma jeni kwa dakika chache. Sina ugomvi na mashine. Kinachonikera ni kile kishikwambi chenye safu ya "Sawa / Si sawa", na kidole kinachoteremka kikigusa "sawa, sawa, sawa" huku macho yako kwenye simu. Nikiwaambia, wananijibu, "Mzee Deo, mfumo haukubali kwenda mbele ukiacha wazi." Ndiyo. Hata kitabu changu hakikuwa na nafasi wazi. Kilijaa vizuri sana. Nyie mtakuwa na haraka zenu, si kisamvu, ni mpira au mchumba. Wakati wenyewe wa kuandika hutaona kama ni uongo. Utaona ni kumaliza zamu.

Mwezi uliopita Rehema alikuja Bigwa kuniletea nakala ya kitabu cha utafiti wake, kilichojaladiwa vizuri, herufi za dhahabu mgongoni. Alikuja na binti yake, ambaye ndiyo kwanza amemchukua kutoka Gairo kwa bibi yake, msichana mrembo wa miaka kama sita, akaniamkia vizuri na kukaa kwenye mkeka. Kitabu ni cha Kiingereza, lakini Kiingereza cha kidato cha nne kinanitosha kutafuta jina langu. Kwenye shukrani nipo, nimeandikwa sawasawa. Kisha Rehema akanifungulia ukurasa mwingine, akaweka kidole. Nikatafsiri kimoyomoyo, neno kwa neno: wanambuzi watatu waliondolewa katika hesabu kwa sababu ya kosa la ulishaji.

"Sikutaja mtu," akasema.

"Nimeona."

"Profesa alisema inatosha hivyo."

Mama Tekla akaleta chai. Wakaongea mambo ya Gairo, mvua na bei ya karanga. Chai ilipokwisha yule mtoto akachoka, akainuka mkekani, akaenda kumvuta mama yake kitenge.

"Rehema," akamwita, kwa jina, kama wanavyomwita wakubwa kule alikolelewa. "Rehema, twende zetu Gairo, nyumbani kwa mama."

Rehema akamnyanyua, akampakata. "Atazoea," akasema, bila kunitazama. "Ni suala la muda tu."

Walipoondoka nilikaa na kile kitabu hadi Mama Tekla akaniuliza kama nakisoma au nakilinda. Nikamwomba kalamu. Pembeni ya ile sentensi, kwenye ukingo mweupe, nikaandika jina langu kamili, cheo changu, na saa niliyowapa wale watatu chupa. Saa sita na dakika kumi, mchana.